Muulize Mwalimu: Msiombe miche kwanza

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka pwani, na nyingi zinauliza jambo moja: pesa za kusafisha maji ya bahari na kurudisha mikoko zinapatikana wapi, na zikipatikana zifanye kazi gani. Nilifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka 31, na baada ya kustaafu nikawa mweka hazina wa kikundi cha mikoko kijijini kwetu, Kwale, kwa miaka tisa. Nitajibu kama mtu aliyeshika daftari na aliyezama matopeni hadi magotini.

*

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana 22, tunakaa ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa. Mwaka juzi mfadhili alitununulia miche 10,000 ya mikoko. Tuliipanda kwa siku mbili, watu wakaja wakapiga picha. Leo tukihesabu iliyo hai haifiki 900. Wazee wanasema imeuawa na maji ya vyoo yanayoteremka kutoka mitaani. Mfadhili yuko tayari kutoa miche 10,000 mingine. Tuchukue? Na hayo maji machafu tufanyeje, maana kila tukiyataja wafadhili wanabadilisha mazungumzo?*
*Katibu wa kikundi, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikushukuru kwa kurudi kuhesabu, kwa sababu vikundi vingi havirudi. Hiyo 900 kati ya 10,000 ni mali kuliko picha zote zilizopigwa siku ile, na baadaye nitakuonyesha ni kwa nini.

Wazee wenu wana haki ya kuyachukia maji yale, lakini sidhani ndiyo yaliyoua miche. Msitu wa Mikindani, hapo hapo kwenu, umepokea maji taka ya mitaa kwa miaka mingi na miti mikubwa bado imesimama. Mikoko huyachukua maji yale kama shamba linavyochukua mbolea. Anayeumizwa nayo ni binadamu: mtoto anayeogelea jioni, mama anayebandua chaza mizizini, na yeyote anayemla chaza huyo akiwa hajaiva vizuri. Kwa hiyo mna matatizo mawili yanayokaa mahali pamoja, na kila moja lina dawa yake. Mkiyachanganya mtaomba pesa zisizotibu hata moja.

Tuanze na miche. Mlipanda wapi? Kama ni kwenye tope tupu upande wa majini, pale ambapo hata wazee hawakumbuki kuona mti, basi mlipanda mahali ambapo mikoko yenyewe haikuweza kuota. Na kama miche yote ilikuwa ya aina moja, naweza kuitaja bila kuiona. Ilikuwa ile aina inayoitwa mkoko hasa, yenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu, kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama rula na unaichomeka tu ikasimama. Siku moja watu hamsini wanachomeka maelfu. Lakini msitu una mpangilio wake. Anayekaa mbele kabisa kupokea mawimbi ni mlilana. Nyuma yake mkoko, kisha muia na mkandaa, na kule juu ambako maji hufika siku za bamvua tu, mchu na kikandaa. Mchu una ruhusa yake ya kuonekana mbele na nyuma. Ukimweka mkoko mahali pa mlilana, maji yanamfunika saa nyingi kuliko anavyoweza kuvumilia.

Haya nayajua kwa kuwa nasi tuliyafanya. Msimu wetu wa kwanza, mfadhili mmoja alitaka idadi, nasi tukampa idadi. Miezi mitano baadaye niliingia maji yakiwa yamekupwa, nikiwa na daftari la mistari na vijana wawili niliowafundisha darasa la saba. Mche wa kwanza tulioushika ulikuwa umevaa magamba meupe makali, vile viumbe vidogo vinavyoganda kwenye ngalawa, kutoka tope hadi kwenye jani la mwisho. Ulikuwa umeinama kwa uzito. Wa pili ulikuwa umezungushiwa nepi ya mtoto, imejaa maji, imeubana kama bendeji. Wa tatu haukuwepo, palikuwa na tundu tu. Tulihesabu mstari mzima wa miche 200 tukapata 11. Nilirudi nyumbani nikakaa barazani bila kuvua buti, nikiwafikiria kina mama waliojaza udongo kwenye viriba kwa wiki sita.

Na kuna sababu nyingine hutoka mbali, juu ya nchi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi Mwache, mkono mwingine wa bahari huko Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia, na eneo kubwa la msitu likafa limesimama. Hakuna mche ungeponya jambo lile. Tiba yake ilikuwa mashambani, kilomita nyingi kutoka pwani.

Kwa hiyo msiichukue miche 10,000. Mwandikieni mfadhili barua ya ukurasa mmoja, muweke ile 900 juu kabisa. Mwambieni mmehesabu, mmejua kosa lilipo, na kwamba pesa zile zile zikigawanywa upya zitaacha miti mingi zaidi. Ombeni miche 1,000 ya aina zinazostahili, ya kujaza mapengo tu. Sehemu nyingine ya pesa iwe ya kufungua mikondo ya maji iliyozibwa na kifusi, kwa sababu maji yakiingia na kutoka sawasawa, mbegu hujileta zenyewe na bahari na kujipanda bila kulipwa. Nyingine iwe ya wavu wa kuzuia taka mdomoni mwa mtaro na ya watu wa kuusafisha kila baada ya mvua. Na sehemu kubwa kuliko zote iwe ya posho ya walinzi wawili kwa miaka mitatu. Wafadhili hupenda kulipia siku ya kupanda. Mti huhitaji kulipiwa siku elfu moja zinazofuata. Mfadhili mzuri akiona hesabu atakubali. Akikataa, mwacheni aende kwa amani. Niliwahi kumwacha mmoja akaenda, na kikundi chetu hakikufa.

Sasa maji machafu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu swali hili huulizwa na wachache.

Fuateni mtaro. Siku moja maji yakiwa yamekupwa, anzeni mnapoona maji meusi yakiingia baharini, mpande nayo kurudi juu hadi mlango wa mwisho. Chukueni karatasi mchore. Hapa bomba la nyumba za kupanga, hapa karo limepasuka, hapa ndipo lori la kunyonya vyoo husimama usiku na kufungua mpira. Msiandike jina la mtu wala kugombana na mtu. Andikeni mahali, tarehe na saa. Ramani hiyo haina gharama, na hakuna ofisi itakayokuwa nayo isipokuwa nyinyi.

Kisha pimeni. Sisi tulianza na sahani nyeupe ya bati, ile ya kupakulia wali. Toboa tundu katikati, pitisha kamba, chini ning'iniza jiwe ili sahani izame ikiwa imelala. Kamba ifunge fundo kila sentimita kumi. Teremsha kutoka mtumbwini upande wa kivuli, adhuhuri, maji yakiwa yamejaa, na uhesabu mafundo hadi sahani ipotee machoni. Kwetu, mwezi wa Februari bahari ikiwa shwari, tulihesabu mafundo 24. Baada ya mvua za masika tukahesabu manne. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishika kamba aliangalia lile fundo la nne muda mrefu, kisha akaniambia niandike vizuri lisije likafutika. Pimeni mahali pale pale, wakati ule ule wa maji, kila mwezi. Baada ya mwaka mtakuwa na jambo la kusema ambalo mtu hawezi kulipinga kwa maneno.

Sahani huonyesha uchafu wa macho tu. Vijidudu vya kinyesi vinataka maabara: chupa safi iliyotolewa na maabara yenyewe, sanduku lenye barafu, na sampuli ifike ndani ya saa sita. Hii ndiyo mnayopaswa kuiombea pesa, kwa sababu inagharimu na vikundi husahau kuiandika. Wekeni kwenye bajeti chupa, barafu, nauli, ada ya maabara mara nne kwa mwaka, na glovu.

Pesa za ukubwa huu zina milango kadhaa. Upo Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kwa kikundi kilikuwa dola 50,000, na hutaka kikundi nacho kichangie, lakini nguvu za mikono yenu na mtumbwi wenu huhesabiwa kuwa mchango. Andikeni saa za kazi tangu leo. Upo pia mpango wa FLLoCA wa kupeleka fedha za tabianchi mashinani, ambao hupitia kamati za mabadiliko ya tabianchi za wadi. Mtafuteni mjumbe wa kamati ya wadi yenu, mjue wanakaa lini, mwende na ramani.

Lakini lipo jambo sitaki mlisahau. Huduma za maji na usafi ni kazi ya kaunti. Katiba ya 2010 imeandika hivyo, na kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi. Bomba la maji taka la mtaa mzima halijengwi kwa ruzuku ya kikundi cha vijana 22. Nimeona vikundi vikijaribu, vikachimba mtaro nusu, pesa zikaisha, na lawama zikawarudia wao. Pesa ya mfadhili itumieni kutengeneza ushahidi na vile vidogo mnavyoweza. Ushahidi upelekeni kwenye vikao vya umma vya bajeti ya kaunti. Nendeni wote 22, na kina mama wa chaza wawe mbele. Afisa anaweza kupinga hisia zenu, lakini mkimwekea mezani karatasi ya maabara mara nne mfululizo, itambidi aseme neno.

Mwisho kwenu, daftari. Tulichukua ubao, tukaupaka weusi wa betri kuukuu kama tulivyokuwa tukipaka mbao za darasani, tukautundika nje ya banda la kupimia samaki. Kila Ijumaa niliandika kwa chaki: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na nani alitia saini. Wiki ya kwanza watu walipita tu. Wiki ya tatu muuza samaki mmoja alinifuata nyumbani na kuniambia nimekosea kutoa kwa shilingi 300. Alikuwa na haki. Tangu siku ile sikuwahi kuwa na hofu ya mkaguzi, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kinanikagua.

*

*Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa Kilifi, mwanachama wa jumuiya ya msitu wetu wa mikoko. Amekuja mtu anasema msitu wetu wa hekta 80 unaweza kuuza hewa ukaa na tutakuwa matajiri. Ameleta mkataba wa kurasa 31 kwa Kiingereza, wa miaka 40, anataka mwenyekiti atie saini kabla ya Jumatatu. Wenzangu wamefurahi. Mimi silali.*

Dada yangu, uamuzi wenu usitoke kabla ya Jumatatu hiyo, wala Jumatatu ya baada yake. Huo ndio ushauri wangu mkubwa. Yanayofuata ni maelezo.

Biashara yenyewe si ya uongo. Msitu huvuta hewa ukaa na kuihifadhi, na wanaochafua hewa kwingine hulipia kila tani iliyohifadhiwa. Mfano mzuri uko jirani nasi. Gazi na Makongeni, Kwale, wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Ni hekta 117. Msitu ule ulikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Baadaye wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Dk. James Kairo miongoni mwao, wakaanza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mradi unathibitishwa kwa kiwango cha kimataifa cha hewa ukaa kiitwacho Plan Vivo, kwa kipindi cha miaka 20, na huuza kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Wanapanda miti 4,000 ya mikoko kila mwaka, na wakapanda na mivinje nchi kavu ili mtu akitaka boriti asiende baharini. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na msitu wa hekta 460.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Miaka ya mwanzo Mikoko Pamoja ilipata kama dola 12,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 117: dola 102 na senti kwa hekta. Hekta zenu 80 mara 102 ni dola 8,160 kwa mwaka. Bei hupanda na kushuka, nanyi mnaweza kupata zaidi au pungufu. Lakini hata ikiongezeka mara tatu, gawa kwa nyumba zote za kijiji chenu uone kila mlango unapata nini. Pesa hii haimtajirishi mtu. Ikikaa pamoja inaleta maji ya bomba na kukarabati madarasa, na ndivyo ilivyofanya Gazi na Makongeni. Anayewaambia mtakuwa matajiri ama hajapiga hesabu, ama ameipiga ya upande wake peke yake.

Halafu muulizeni msitu ni wa nani. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Nyinyi mnaweza kuusimamia kupitia jumuiya yenu kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, chini ya sheria ya 2016. Kama makubaliano hayo hamjayapata, mwenyekiti wenu hana cha kuuza, na mtu huyo anajua. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023 inadai mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mtakapoonyeshwa asilimia, ulizeni imehesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama, na gharama zinaandikwa na nani. Nimeona asilimia nene ikabaki mifupa kwa neno hilo moja.

Mkataba usomwe wote kwa Kiswahili, hadharani, ukurasa kwa ukurasa, na kama kuna wasioelewa vizuri basi na kwa Kigiriama. Mtakapofika kwenye kurasa zinazosema yasiyoruhusiwa msituni, nyamazisheni kikao na muwape nafasi kina mama waseme wanachokitoa huko: kaa, kuni kavu, dawa. Mara nyingi wanaotia saini si wale wanaoingia msituni. Miaka 40, mjukuu wako atakuwa na umri wako wa leo. Naye ana haki ya kupatiwa mlango wa kutokea, kwa hiyo someni ni nani anaweza kuvunja mkataba na kwa bei gani.

Na kabla ya lolote, changeni nauli, watu sita, wanawake wasipungue watatu, mwende Gazi. Kaeni na kamati yao, mtembee kwenye ile njia ya mbao ya kina mama inayopita juu ya mikoko, mlipe kiingilio kama wageni wengine, na muwaulize yaliyowasumbua. Siku moja pale itawafundisha kuliko kurasa 31.

*

*Shikamoo Mwalimu. Tuko Tanga, kikundi cha akina mama kumi tunaolima mwani. Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba. Tunaweza kuchukua tukarudishe mikoko iliyokatwa ufukweni kwetu?*

Marahaba. Mikopo hiyo ni haki yenu, asilimia nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Lakini haina riba tu; mtaji wenyewe unarudishwa, na mkoko hautakulipa marejesho ya mwezi wa tatu. Mkopo uchukueni kwa kinachouzika: kamba na vigingi vya mwani, chanja za kukaushia ili mwani usilale mchangani, mashine ya kusaga mtengeneze sabuni. Kwa mikoko tafuteni ruzuku, au tumieni faida kidogo kidogo. Na kama eneo lililokatwa liko karibu na miti mizima, lizungushieni ulinzi kwanza kwa misimu miwili muone mbegu zitajileta kiasi gani. Huenda msihitaji kununua kitu.

*

*Assalaam alaykum Mwalimu. Sisi ni wana wa kijiji kimoja cha pwani ya Kwale, tunafanya kazi Muscat. Tumechanga riyali 600. Tunataka zinunue miche na kulipia siku ya kusafisha ufuo, tuweke na bango la majina yetu. Tutume kwa nani?*

Wa alaykum salaam, wanangu. Mungu awaongezee, maana najua riyali ile inavyopatikana. Riyali 600 ni kama shilingi laki mbili za hapa. Naomba mniruhusu niwageuze mawazo.

Nakifahamu kijiji cha namna yenu bila kukitaja. Alfajiri wavuvi 80 na zaidi hukusanyika bandarini, na wachuuzi wa samaki, na vijana wa kubeba. Je, wanajisaidia wapi? Nyuma ya mitumbwi, kwenye mchanga, na maji yakijaa yanachukua. Kina mama hujizuia hadi wafike nyumbani saa nne. Samaki huoshwa kwa maji hayo hayo ya ukingoni. Mtasafisha ufuo Jumamosi, na Jumapili alfajiri mambo ni yale yale.

Jengeni choo cha bandari. Milango miwili, wa wanaume na wa wanawake, na bomba la kunawia. Kikubwa ni shimo. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yana matundu kama sifongo. Shimo la kawaida likichimbwa hatua thelathini kutoka baharini, uchafu hupita chini ya ardhi na kurudi kwenye visima na baharini ndani ya muda mfupi, na mtakuwa mmejenga ukuta wa kuficha tatizo. Lisakafiwe chini na pembeni liwe karo lisilovuja, liwekwe juu ya alama ya bamvua kubwa, mahali ambapo lori linaweza kufika. Ulizeni fundi ameshajenga wapi karo la aina hiyo, na mtume mtu akalione.

Pesa zisipewe mtu mmoja, hata akiwa imamu au ndugu yenu wa damu. Si kwa sababu ni mwizi. Mtu mmoja akishika pesa ya wengi humchosha na humtia maneno mdomoni mwa watu. Ziingie akaunti ya BMU, ile jumuiya ya wavuvi inayosimamia ufuo, au ya kikundi kilichosajiliwa, saini tatu, mmoja wao mwanamke. Tumeni kwa awamu. Riyali 250 za msingi na karo. Mkiona picha za sakafu ya karo kabla haijafunikwa, tumeni 250 za kuta na paa. Mia iliyobaki kaeni nayo huko Muscat.

Hiyo mia ndiyo ya maana kuliko zote. Choo kitahitaji mtu wa kukiosha kila asubuhi na sabuni ya kila wiki, na baada ya mwaka mmoja au miwili karo litajaa. Watumiaji wakilipa shilingi kumi kumi, msafishaji atapata chake na kidogo kitabaki. Lori la kunyonya je, litalipwa na nani? Muulizeni mwenyekiti wa bandari swali hilo kabla hamjatuma riyali ya kwanza, na jibu lake aliandike, alitie saini, na nakala ibandikwe kwenye ukuta wa banda la samaki.